Mkono wa Mama Mkwe

Anord alikuwa fundi wa paa. Nyumba nyingi za bati jekundu unazoziona ukipanda kutoka Lushoto kwenda Mlalo alizipaua yeye, na hakuna hata moja iliyovuja akaitwa kurudi. Alianguka akiwa na miaka thelathini na saba, kule Magoma, akipaua duka la muuza mahindi. Mbao aliyoikanyaga ilikuwa imepigwa msumari upande mmoja tu. Haikuwa mbali na chini, hata urefu wa watu wawili haukufika, lakini aliangukia mgongo juu ya rundo la matofali. Watu wanne walimwinua, wawili mikono, wawili miguu, wakampakia nyuma ya pikapu juu ya magunia. Hata leo hajui kama uti wa mgongo ulikatika kwa kuanguka au ulimalizikia juu ya yale magunia.

Alikaa hospitali ya rufaa miezi mitano. Aliporudi nyumbani alikuwa na kichwa, mikono na nusu ya kifua. Kuanzia chini ya chuchu hakuwa na habari yoyote na mwili wake.

Watu waliokuja kumpa pole walitazama miguu. Walisema, Mungu ni mwema, ipo siku utasimama. Anord aliitikia amina. Hakuweza kuwaambia kwamba miguu ndiyo iliyomsumbua kidogo kuliko vyote. Kibofu kilijaa bila kumwambia. Haja kubwa ilikuja ilipotaka, mpaka mkewe Jenoveva alipofundishwa na wauguzi kuitoa kwa kidole chenye glavu, asubuhi moja ndiyo, moja hapana. Baridi ya mwezi wa saba ilimwingia mwilini na mwili haukujua kutetemeka. Jua likiwaka, alitoka jasho usoni tu, huku chini amekauka kama gogo. Akikalishwa haraka, presha ilishuka na macho yakaingia giza. Na kila usiku miguu ile iliyokufa ilirukaruka yenyewe, ikampiga Jenoveva, mpaka akamwambia mkewe ahamie chumba cha mtoto wao Eliza. Alimwambia ni kwa ajili ya miguu. Haikuwa kwa ajili ya miguu peke yake, na wote wawili walijua, lakini hawakulisema.

Mwaka wa pili akapata kidonda cha kulalia, kwenye kalio, kipana kama kifuniko cha chupa ya chai. Hakukisikia. Jenoveva alikiona kwa sababu ya harufu. Muuguzi wa kliniki, dada mmoja aitwaye Glory, akaagiza Anord alale kifudifudi mchana kutwa, asikalie kidonda, na akamwekea mpira wa mkojo wa kukaa, wenye puto la maji linaloushikilia ndani na mfuko wa kuning'inia kitandani. Kabla ya hapo Anord alijitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba, kila baada ya saa nne. Sasa alilala kama mtoto mchanga, akitazama sakafu.

Kazi ilimzidi Jenoveva. Kulikuwa na shamba la karoti, Eliza wa darasa la tatu, na kidonda cha kuoshwa mara mbili kwa siku. Ndipo mama yake, Evelina, akaja kutoka Mlalo kusaidia.

Evelina alikuwa mjane, mzee wa kanisa, mama mnyoofu asiyepandisha sauti. Tangu Anord alipomwoa binti yake, hawakuwahi kupeana mkono. Alivyolelewa Anord, mama mkwe anasalimiwa kwa mbali, uso ukiwa chini. Akikutana naye njiani, yeye Anord ndiye alipanda ukingo ili mama apite. Hakuwahi kula mbele yake. Sasa mama huyo alilala chumba cha pili, na kati yao kulikuwa na pazia tu. Asubuhi Anord alisema kutoka kitandani, "Shikamoo mama," na kutoka upande wa pili ikaja, "Marahaba baba. Umeamkaje?" Chakula aliletewa na Eliza. Evelina hakuingia mle chumbani hata mara moja.

Jambo la mfuko ndilo lililomnyima raha Anord. Mfuko ukijaa lazima mtu aumwage, na Jenoveva alipokuwa hayupo, hakukuwa na mtu mwingine. Kwa hiyo akagundua dawa yake mwenyewe: siku ambazo mkewe alikwenda mbali, hakunywa maji. Chai alionja, akaificha chini ya kitanda, na Eliza akirudi shule aliambiwa aimwage nje. Mkojo ukawa mchache, mzito, wa rangi ya chai ya rangi. Anord aliona chembechembe nyeupe kwenye mpira. Aliziona, akanyamaza.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Jenoveva aliondoka mapema kwenda Lushoto kuchukua bandeji na mipira mipya, akasema saa sita atakuwa amerudi. Saa nne Anord alisikia pua zimeziba, kama mtu mwenye mafua. Halafu vinyweleo vya mikono vikamsimama. Halafu kichwa kikaanza.

Alijua ni nini. Hospitali walimweleza mara nyingi, na dada Glory alimwandikia karatasi kwa kalamu nene akaibandika ukutani, juu ya meza ya dawa. Kibofu kikijaa sana, mwili wa chini hupiga kelele; kelele zikifika pale uti ulipokatika, hazipiti. Kichwani hakuna anayesikia, kwa hiyo hakuna wa kuutuliza. Mishipa yote ya chini inajibana, damu inasukumwa juu, presha inapanda na kuendelea kupanda. Mtu anaweza kupasuka mshipa wa kichwa kwa sababu ya mkojo tu.

Aligeuza shingo akatazama mfuko. Ulikuwa na mkojo wa kujaza kikombe cha kahawa, ule ule wa alfajiri. Akajaribu kujigeuza kwa mikono. Miguu ikakakamaa, ikamrudisha kifudifudi. Akampigia Jenoveva, simu haikupatikana. Akampigia jirani yake Abdallah.

"Mghosi, ndugu yangu, niko huku bondeni kwenye kabichi," Abdallah alisema. "Nakuja, lakini ni kupanda. Nipe kama saa moja."

"Zakia yupo?"

"Mke wangu amekwenda sokoni tangu asubuhi. Kuna nini?"

"Njoo tu."

Evelina alikuwa barazani akipukuchua maharage. Anord alisikia punje zikidondoka kwenye ungo. Ilitosha kusema neno moja. Akafikiri: saa moja si nyingi, nitavumilia.

"Baba Eliza," mama aliita, "mbona unahema hivyo? Nikuletee uji?"

"Hapana, mama. Niko salama."

Zikapita dakika kumi, labda kumi na tano. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye paji mpaka shuka likalowa chini ya uso. Kichwa kilipigwa kutoka ndani, pigo kwa pigo, na moyo ulikwenda polepole, kwa vishindo. Sakafu aliyokuwa akiitazama ikawa na sakafu nyingine juu yake. Ndipo akaguna bila kutaka, mguno wa mnyama, na punje za maharage zikanyamaza.

Hatua zikaja mpaka penye pazia, zikasimama hapo.

"Baba Eliza."

"Mama, mwite mwanamume yeyote."

Alimsikia akitoka, akiita uani, akiita njiani. Alhamisi ile watu wote walikuwa mashambani na sokoni. Akarudi, akasimama tena penye pazia. Alisimama muda ambao kwa Anord haukuwa na mwisho. Kisha pazia likasogea.

"Nisamehe, baba. Naingia."

Hakusubiri ruhusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye karatasi ukutani na kuisoma kwa sauti ile ile anayosomea masomo kanisani. "Mkalishe wima mara moja, miguu ining'inie. Legeza nguo. Angalia mpira usiwe umejikunja. Ukiwa umeziba, utoe. Usimlaze."

Anord alikuwa mtu mzito bado. Evelina alimgeuza, akampitishia mikono kwapani kutoka nyuma, akamwinua mpaka akakaa, akamwegemeza ukutani, akairuhusu miguu ishuke. Kichwa kikapungua kidogo, kidogo sana. Akaufuata mpira kwa vidole kuanzia kwenye mfuko kwenda juu. Haukujikunja popote. Ulikuwa umeziba.

"Hakitoki kitu," alisema. "Unatolewaje?"

Anord hakuweza kuona mikono yake mwenyewe. Alijaribu kuushika mpira, akakosa, akashika shuka. Akasema, meno yakigongana, kwamba kuna bomba la sindano lisilo na sindano pale mezani. Lichomekwe kwenye kile kijitawi cha pembeni. Livutwe, maji ya puto yatoke yote. Kisha mpira uvutwe polepole.

Evelina alivua kanga aliyojitanda mabegani, akamfunika Anord kichwa na uso.

"Usinitazame," alisema. "Mimi lazima nitazame, lakini wewe usinitazame."

Chini ya kanga Anord alisikia bomba likivuta. Alisikia mama akihesabu kwa midomo. Na hapo ndipo lilipotokea lile jambo. Sehemu ile ya mwili wake ambayo kwa miaka miwili haikuitika kwa mkewe, wala kwa mawazo yake, wala kwa maombi, ilisimama yenyewe mbele ya mama mkwe. Hakuihisi. Aliijua kwa sababu kanga ilikuwa nyepesi na dirisha lilikuwa wazi, na kwa sababu mkono wa Evelina ulikwama ghafla, ukabaki hewani.

Kisha mkono ukaendelea. Mpira ukatoka, na mkojo ukafuata kwa kishindo, ukamwagikia kitanda, sakafu, sketi ya mama na miguu yake. Kichwa kikamwachia Anord pale pale, kama kamba iliyokatwa. Akalia. Hakulia kwa maumivu.

Evelina alimfunika kwa blanketi, akaleta ndoo, akapiga deki, akafua shuka, akabadilisha nguo zake. Abdallah alipofika akihema, aliambiwa, "Mpira uliziba, tumeutoa. Asante baba." Jenoveva aliporudi saa nane, gari likiwa limeharibika njiani, aliambiwa hayo hayo, na jioni ile ile akampeleka mumewe kuwekewa mpira mwingine. Asubuhi ya pili Evelina alifunga mkoba wake. Alikuwa amesema atakaa mpaka kidonda kipone.

"Mama amekuwaje?" Jenoveva aliuliza. "Mmekoseana?"

"Sijui," Anord alijibu, akitazama sakafu.

Majuma yaliyofuata alikuwa kama mtu aliyeiba kanisani. Kila alipofumba macho aliuona ule mkono uliokwama. Alijiuliza mama aliwaza nini njia nzima ya kurudi Mlalo: kwamba binti yake ameolewa na mtu wa namna gani, anayelala na uchafu moyoni hata akiwa mahututi. Alijichunguza kama kweli alikuwa nao. Hakuukuta, lakini hilo halikumsaidia, maana mwili ulikuwa umeshasema na mama alikuwa ameshaona. Simu ya Mlalo ikilia, alijifanya amelala.

Kliniki iliyofuata dada Glory alitazama mfuko, akamtazama yeye.

"Hunywi maji, kaka Anord."

"Nakunywa."

"Huu mkojo unasema hunywi. Mpira uliziba kwa sababu hiyo, na utaziba tena."

Jenoveva alikuwa ameitwa dirisha la dawa. Anord alitazama mlango, akaona umefungwa, akajitosa. Alizungumza akiwa ameukazia macho ukuta, maneno yakitoka nusunusu. Hakusema ni mkono wa nani. Alisema, mtu wa kuheshimiwa. Glory hakucheka, wala hakushtuka.

"Daktari amekugonga goti na kile kinyundo?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Mguu uliruka. Uliuamuru wewe?"

"Hapana."

"Basi ni hivyo hivyo. Huko chini kuna njia fupi. Kitu kikigusa, habari inakwenda kwenye uti, jibu linarudi, kichwani haifiki kabisa. Mpira ukivutwa kwa wanaume walioumia juu kama wewe, hutokea mara kwa mara. Sisi wauguzi tunaliona kila wiki. Halina mapenzi ndani yake wala dhambi." Akaandika kitu kwenye kadi, kisha akaongeza bila kuinua kichwa, "Na ukitaka siku moja kuja na mkeo tuongee mambo ya ndani, njooni. Vipo vya kusaidia. Wengi hawaulizi."

Jioni hiyo Anord alimweleza Jenoveva yote. Mkewe alikuwa akiosha kidonda, kwa hiyo hawakutazamana. Alipomaliza kusema, mikono ya Jenoveva iliendelea kufanya kazi, ikaosha, ikakausha, ikabandika.

"Kwa hiyo umekaa mwezi mzima na hilo," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na miaka miwili umenilaza kwa mtoto, nikidhani mimi ndiye niliyekuchukiza, kwa vile nakutoa haja."

Anord hakuwa amewahi kufikiri kwamba Jenoveva naye alikuwa na aibu yake. Mkewe alimwaga maji machafu uani, akakaa huko muda, akarudi macho yamevimba. "Utakwenda kwa mama mwenyewe," alisema. "Mimi sitabeba maneno hayo."

Kidonda kilifunga mwezi wa sita. Mpira wa kukaa ukaondolewa, akarudia ule mwembamba wa saa nne nne, na kitandani Jenoveva alirudi, miguu ikampiga kama kawaida. Jumamosi moja wakakodi gari la mtu wa jirani, wakaenda Mlalo.

Nyumba ya Evelina iko juu ya ngazi za udongo ambazo kiti cha magurudumu hakipandi. Jenoveva alipanda kumwita. Anord alibaki kwenye kiti cha mbele, dereva akaenda kunywa chai. Evelina alishuka akiwa na kilemba cha kanisani, akasimama pembeni ya mlango wa gari, uso ukielekea mashamba ya upande wa pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Poleni na safari. Kidonda kimefungaje?"

"Kimefunga vizuri." Anord alishika goti lake lililoanza kurukaruka, akalikandamiza. "Mama, nimekuja kuomba radhi. Kwa yale uliyoyaona siku ile."

Mtu alipita na baiskeli, akasalimu, wakaitikia wote wawili.

"Mimi ndiye niliyekimbia," Evelina alisema kwa sauti ya chini. "Ulidhani nimekukimbia wewe?"

"Ndiyo."

"Baba Eliza, ile karatasi niliiona kabla sijatoka kwenda kuita watu. Pazia lilikuwa na nafasi. Niliisoma yote kutoka pale niliposimama. Nilijua cha kufanya, na nikaenda njiani kuita nikijua hakuna mtu. Niliporudi nikasali Baba Yetu mara tatu nikiwa nimesimama, nikiomba mtu mwingine atokee. Nilikuwa nawaza watasemaje kwamba mkwe ameingia. Wewe unakufa, mimi nawaza hilo." Alijifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Sikuweza kukaa nyumbani mwenu ukinishukuru."

"Na mimi uliniuliza, nikasema niko salama."

"Ulisema."

"Na lile jingine, mama..."

"Lile jingine nimelisahau," alisema haraka mno, na Anord akajua hajalisahau. Kisha, taratibu zaidi: "Nilimuuguza baba yake Jenoveva miezi saba. Mwili wa mgonjwa naujua. Tusiliseme tena."

Hawakulisema tena. Evelina alipanda juu akarudi na matunda ya plamu kwenye mfuko, akampa Jenoveva ili ampe Anord. Usoni hakumtazama, wala Anord hakuinua uso wake. Alisema mwezi wa nane, baada ya mavuno, atakuja kukaa nao wiki mbili.

Wakiwa njiani kurudi, zile saa nne za mpira zikatimia. Zamani Anord angevumilia mpaka nyumbani. Alimwomba dereva asimamishe gari penye ukingo mpana, Jenoveva akafungua mlango na kukinga mwavuli upande wa barabara. Anord alitoa mpira, akaufungua kwenye karatasi, akaweka chupa kati ya miguu, akaanza. Mikono yake ilijua kazi, lakini uso ulimwaka moto, kwa maana barabara ya Mlalo Jumamosi haikosi watu.

Mama mmoja mzee alikuwa akija na mzigo wa kuni kichwani. Mwavuli haukufika chini. Miguu ya Anord ilionekana, na chupa kati yake, na mkojo ulisikika ukiingia. Jenoveva akausogeza mwavuli, ikawa kazi bure. Anord angeweza kuinamisha kichwa, kama aliyesinzia. Badala yake, mama alipofika usawa wa gari, Anord alimsalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba," mama alijibu, bila kupunguza mwendo. "Poleni na safari."

"Tumeshapoa," alisema Anord, akasubiri chupa ijae.